Nilivyowageuza wanaume ishirini na wanne kwa kemia ya mpwa wangu, ngoma ikabaki Ngumbo

Wakuu, poleni na majukumu. Naanza na kosa lenyewe ili msihangaike kulitafuta: niliwafundisha wanaume ishirini na wanne kugeuka pamoja, kwa ustadi mkubwa, wakawapa waamuzi mgongo.

Sijaongeza chumvi. Wa Ngumbo mliokuwepo mpo humu, chekeni kwa zamu.

Mimi ni mtu wa ndani. Mbinga nilikwenda kusoma sekondari, nikarudi huku ziwani Nyasa, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kibarazani. Ngoma naitazama nikiwa nimekaa.

Sasa huku tuna mganda. Kwa msioujua, ni ngoma ya wanaume: mistari iliyonyooka kama gwaride, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, vibuyu vya kupuliza. Kila mwaka vijiji vinashindana, na mshindi anakaa na ngoma kubwa hadi mashindano yajayo; mwaka jana tuliichukua sisi, ikakaa kwa kiongozi wetu.

Kiongozi huyo ni jirani yangu Baba Odilo, na ngoma yenyewe aliichonga yeye. Mwaka huu alikuwa anaachia filimbi, magoti yamegoma. Ombi lake lilikuwa moja tu: anapoondoka, ngoma ilale kwetu.

Tatizo likawa kugeuka. Vijana wengi wapya. Filimbi ikilia, nusu wanakwenda huku, nusu kule, vichwa vinagongana katikati. Ilifika mahali mzee anafumba macho kabla ya kupuliza.

Hapo akaja likizo mpwa wangu Yusta, anasoma kemia chuo kikuu. Jioni moja anaosha vyombo, nikamuuliza huko anasoma nini hasa. (Nia yangu ilikuwa asiniambie nisuuze.)

Akachukua sahani za plastiki, zile zenye ua moja pembeni, akazipanga moja juu ya nyingine, kila moja akiizungusha kidogo kuliko ya chini yake. Maua yakapanda kama ngazi ya kuzunguka.

"Mjomba, kuna molekuli zinajipanga zenyewe hivi. Hazijagundishwa, zinashikana kidogo tu. Ukizipasha moto zinaachana, zikipoa zinarudi. Na mnara wake unaweza kujipinda kulia au kushoto."

"Nani anaamua?"

"Zikiwa hazina mkono, hakuna wa kuamua. Minara nusu inapinda kulia, nusu kushoto."

Nikawaona vijana wetu wanagongana.

"Ila ukichanganya chache zenye mkono, yaani zilizoumbwa kama kiganja cha kushoto, ambacho hata ukigeuze vipi hakiwi cha kulia, kila moja inampinda jirani yake, na jirani anampinda jirani. Chache tu zinaamua mnara mzima. Wenyewe wanaziita masajenti, na zile nyingine askari."

Wakuu, masajenti! Mganda una masajenti tangu enzi za babu zetu!

Asubuhi nikavuka uzio. "Shikamoo Baba Odilo. Dawa imepatikana, iko kwenye kemia." Mzee hakuwa na dawa nyingine, akakubali.

Tukachagua wanne wepesi wa kushika, mmoja katika kila watu sita. Hao tu ndio niliowafundisha. Waliobaki niliwaambia kila mtu amfuate jirani yake.

Siku ya tatu, filimbi moja, wote wakageuka kama mlango mmoja. Mama Odilo akapiga vigelegele. Mimi nikaanza kutembea mikono nyuma.

Sasa kosa. Sisi huku kushoto na kulia hatuvisemi sana. Tunasema ziwani na mlimani. Hata mezani mtu atakuambia, "Nisogezee hilo bakuli la ziwani." Kwa hiyo masajenti nikawaambia: filimbi ikilia, geukia ziwani. Kwetu tunaingia uwanjani ziwa likiwa kushoto, na watazamaji wanakaa huko huko.

Ngumbo, kijiji kilichoandaa mashindano mwaka huu, tukaingizwa kwa upande mwingine. Ziwa likawa kulia. Waamuzi wako kushoto, mlimani, chini ya turubai.

Filimbi.

Masajenti wanne wakageukia ziwani bila kusita. Askari ishirini nao hao. Hakuna aliyegongana na mtu. Tulilichezea ziwa mpaka mavumbi yakapanda, waamuzi wakihesabu visogo.

Kijana mmoja, Kasiani, alishtuka akawageukia waamuzi. Wa kulia akamkazia jicho, wa kushoto akampa kiwiko. Akarudi ziwani. Yusta anasema hilo nalo lipo: upande mmoja ukizidi hata kidogo, wachache wanavutwa.

Ngumbo wakashinda, na Baba Odilo akawakabidhi ngoma kwa mkono wake. Akaipiga kikofi kidogo, kama unavyomuaga mtoto anayekwenda bweni.

Njiani nikajaribu kumlaumu Yusta. Akasema, "Mjomba, mkono wa molekuli uko ndani yake. Ibebe hadi Songea, haiulizi ziwa liko wapi. Wewe masajenti wako hukuwapa mkono, uliwapa ziwa."

Nilichojifunza: ukiona watu wote wanakwenda pamoja vizuri, usidhani wanajua wanakokwenda. Inawezekana kuna wanne tu waliofundishwa na mtu wa kibarazani.

Wenye kemia yenu karibuni mnikosoe. Wa Ngumbo, semeni basi kama ngoma mmeiweka pakavu.

Juzi nilikwenda kwa Mama Odilo kumweleza kwamba, kisayansi, jaribio lilifaulu. Alikuwa anapeta mahindi, hata kichwa hakuinua:

"Limefaulu kwako. Mume wangu kila asubuhi anafagia pale ngoma ilipokuwa inakaa. Kesho njoo ufagie wewe."