Bastola Niliyoisingizia

Kwenye mazoezi ya shabaha huko Bwera, risasi zangu zote zilichimba udongo. Sikutulia. Mimi mzee mzima nikamsingizia Masika, binti anayetunza silaha za kampuni yetu ya ulinzi: "Afande, amenipa bastola mbovu."

"Masika, kama ni kweli, kazi yako imeisha," mwalimu wetu alisema. Akaikagua bastola, akatugeuzia mgongo kidogo, akanirudishia. "Muzee, piga tena."

Nikalenga, nikavuta. Ikalia "ka!" tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafumba macho, nimeinamisha mtutu na kujikunyata.

"Muzee, nilitoa risasi. Sasa unaogopa nini?"

Walinzi wote wakaangua kicheko. Masika hakucheka. Alininyooshea mkono, nimrudishie bastola yake.