Wali wa Shubiri

Nyuma ya jiko letu, Mtambile, mama alipanda dawa zake katika makopo ya rangi na ndoo zilizotoboka: kivumbasi, manjano, na mshubiri mmoja uliozaa mpaka ukafunga njia ya kisimani. Msimu wa karafuu ukiingia, mtaa mzima ulihamia kwetu. Aliyechubuka mkarafuuni, aliyerukiwa na mafuta ya mandazi, wote walikuja kukatiwa jani. Mama hakukubali mtu ajikatie mwenyewe.

"Kata la nje, la ndani liache, lingali toto," alikuwa akinambia, na ole wangu nikosee.

Miongoni mwa waliochubuka alikuwamo kijana wa Wesha aliyekuja kuchuma karafuu. Mara ya kwanza goti lake lilikuwa limechunika kweli. Baadaye akaja na mkwaruzo wa kiwiko, halafu wa kidole, na mwisho akaja na jeraha ambalo mama alivaa miwani kulitafuta asilione. Mimi nilishika sahani ya majani nikijikaza nisicheke. Nilikuwa nimeshampenda, nasema bila ya haya.

Posa ikaletwa. Likabaki moja tu: mama yake aje na shangazi zake wanione, naye nilisikia ni mtu asiyeridhika upesi. Siku hiyo wali wa nazi niliachiwa mimi. Kwa kiherehere changu nikafunua sufuria ya mchuzi kwa mkono mtupu, nikaungua. Mama akapasua jani, akanipaka vidole vyote. Moto ukatulia, roho ikatulia, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nikakamua tui kwa mkono uleule.

Wali ulinukia vizuri mno. Shangazi mmoja akatia tonge, akaacha kutafuna. Mwengine akaomba maji. Mama akaonja, akatazama vidole vyangu, akafumba macho. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama wa kijana akameza tonge lake taratibu.

"Yakhe," akasema, "leo twaachishwa ziwa?"

Kwetu mtoto asiyetaka kuacha kunyonya, mama yake hujipaka shubiri kifuani. Wanawake wote wakaangua kicheko, na mimi machozi yananitoka.

"Usilie, mwanangu," akaniambia. "Ntoto wangu huyu nlimpakia shubiri, akailamba yote, akarudi kunyonya. Ndo mana habanduki hapa! Hebu nitilieni wali bakulini nimpelekee. Akiumaliza, nshapata mkwe."

Usiku ule sikulala. Nilijua ule wali ulivyo, mwenyewe nilishindwa na tonge la pili.

Kesho yake bakuli likarudi tupu, limekwanguliwa mpaka chini. Kijana alilileta mwenyewe, akamwamkia mama kwa adabu zote, akaomba jani moja la shubiri. Alisema ameumia ulimi.