Nilitaja jina la mbwa, nikaficha la mama aliyenizalisha

Chamgei wakuu. Naona humu mnaitana wakuu hata wale wadogo, basi na mimi nyanya wa wajukuu kumi na mmoja nawaita hivyo hivyo.

Hii si stori ya kuambiwa. Imenipata mimi, hapa kwetu Kericho, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mjukuu wangu Chelangat anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kuongeza sukari.

Iko hivi.

Chelangat yuko grade six. Darasa lao lina watoto wetu Wakipsigis, lina watoto wa Kisii ambao wazazi wao wanachuma chai kwa estate, na wengine wa watu wa soko. Kila kikundi na kona yake. Kuna mtoto alikuwa anaweza kumaliza wiki bila kufungua mdomo.

Sasa mwalimu wao, Madam Sharon, akatoa zile tableti za shule zilizokuwa zinafungiwa kabatini. Akasema kila mtoto arekodi mzee mmoja akisimulia siku moja ya maisha yake, halafu video ziwekwe kwa projector, ukutani, darasa zima lione.

Wakuu, watoto walichangamka! Chelangat, ambaye insha kwake ni vita, alinifuata mpaka kwa ng'ombe. "Kogo, kaa hapo kuna mwanga. Na usitoe kitambaa, uko smart." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu.

Nikasimulia siku niliyomzaa kifungua mimba wangu, Joel. Nilikuwa mchumaji wa estate, uchungu ukanishika katikati ya chai, kikapu mgongoni.

Mnijue, majina hayanitoki. Nilimtaja nyapara Kiprono, karani wa mizani Ezekiel, wenzangu wa mstari Tabitha na Esther. Nikataja hata mbwa wa nyapara, Simba, vile alivyobweka nikipiga kelele.

Halafu nikasema, "Mkisii mmoja hivi akanizalisha, akamfunga mtoto na leso yake." Nikapita.

Siku ya kuonyesha, darasa lilicheka sana Simba alipotajwa. Kisha Moraa, msichana wa Kisii wa kule kambi ya wachumaji, akainua mkono. Huyu ndiye yule wa kumaliza wiki kimya. Tableti ndiyo ilikuwa imemfungua mdomo.

Akauliza, "Madam, mbwa ako na jina. Huyo mama hakuwa na jina?"

Mtoto mmoja huko nyuma akaropoka, "Si ameitwa Mkisii Mmoja!"

Kicheko. Madam alikemea, lakini kufika break jina lilikuwa limemshika Moraa mwenyewe. Mkisii Mmoja, leta mpira. Mkisii Mmoja, umekula?

Jumatatu Moraa hakuja shule. Jumanne, hakuna. Alimwambia mama yake heri achume chai.

Chelangat aliniambia hayo akiosha sufuria, bila kuniangalia. "Kogo, kweli ulisahau?"

Wakuu, sikuwa nimesahau.

Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wa boma huita majina ya wazee waliotangulia, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Hapo ndipo wanajua ni nani amerudi. Siku ya Joel, kabla hawajaanza, mama mkwe wangu alinishika mkono. "Mtoto wa kwanza wa boma hii amepokelewa na mikono ya watu wa nje? Jina la huyo mwanamke lisisikike hapa."

Nikanyamaza. Mama mkwe alishazikwa, mimi bado nimenyamaza. Ulimi ulikuwa umezoea kuruka hapo kama mtu anavyoruka shimo la njiani kwake.

Kesho yake nikabeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, nikaenda kambi. Mama yake Moraa anaitwa Kerubo. Alikuwa amerudi kutoka shambani, miguu bado na matope.

"Wewe ndiyo wa video?"

"Ndiyo mimi. Nimekuja kwa Moraa."

"Hataki kuona mtu."

Nikaongea na mlango. "Moraa, umeniuliza swali na sijakujibu. Ile video niliongea vibaya. Nataka kurekodi ingine, na sitaongea mpaka wewe ndiyo ushike tableti."

Kerubo akanipa stuli. Nilikaa mpaka mgongo ukalia.

Mlango ukafunguka kidogo. "Chelangat je? Yeye ndiye mjukuu wako."

"Chelangat atashika kibuyu."

Akacheka kidogo, akiwa amefunika mdomo.

Alhamisi alikuja shule. Madam Sharon akaniweka mbele ya darasa, Moraa akanielekezea tableti.

"Sema jina, Kogo."

Nikasema: Kwamboka. Kwamboka wa mstari wa saba, aliyeacha kikapu chake kikamwagika ili anishike. Alikuwa na pengo la jino la juu na alikuwa anaimba akichuma. Alihamishwa estate nyingine kabla Joel hajatambaa, na leso yake nilibaki nayo.

Hakuna aliyecheka. Yule mtoto wa kuropoka, Brian, akaja akamwomba Moraa amfundishe kushika tableti bila kutikisa.

Joel alitumiwa hiyo video kule Londiani. Akanipigia: "Mama, yuko hai?"

Sijui.

Nilichojifunza ni hiki. Hizo mashine zinaweza kumtoa mtoto kwa kona yake, nimeona na macho yangu. Lakini zinabeba tu kile sisi wakubwa tumeziwekea. Tukificha jina la mtu, linafichwa ukutani mbele ya watoto wote.

Walimu mlio humu, niambieni nyinyi mnafanyaje na watoto walionyamaza.

Na mtu wa Nyamira, au wa Sotik, au popote, kama una nyanya anaitwa Kwamboka, aliyewahi kuchuma chai Kericho, muulize kama anakumbuka mbwa Simba. Akicheka, andika hapa chini. Leso yake nimeifua.