Masale ya Mama Anaeli na Cheti cha Jengo la Kijani

Jamani, hili jambo nimelificha vya kutosha, na kwa kuwa wenzangu wa ofisini wanalisimulia kila wakikaa (tena wanalitia chumvi), heri nilisimulie mwenyewe: mimi, mtu mzima mwenye diploma na pikapu ya ofisi, nilimvurugia mama mjane mpaka wa shamba lake kwa sababu ya uvivu wa kusoma barua pepe.

Kazi yangu ni kuhakikisha majengo tunayojenga yanapata cheti cha jengo la kijani, yaani jengo lisilofuja maji wala umeme. Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Kijenge, na wakati huo tulikuwa tunamalizia nyumba ya wageni kule Njiro ya Mama Aika, nesi mstaafu kutoka Machame, aliyekitaka cheti hicho kwa sababu wakala wa watalii alimwambia haleti wageni kwenye nyumba isiyo nacho. Sola tulishaweka, matenki ya maji ya mvua tulishaweka, na mbele nikapanda ukoka mzuri wa kupigia picha, maana mwongozo niliouzoea ulikuwa unatoa alama kwa bustani yoyote ilimradi ni ya kijani.

Miezi miwili kabla ya ukaguzi ikaja barua pepe ya watoa cheti yenye mwongozo mpya. Niliona kichwa chake tu, nikajisemea hawa ni walewale, wamebadilisha jalada na kuongeza picha, nikaifunga nikaendelea na chai yangu. Kosa lenyewe lilianzia hapo. Nilikuja kuifungua Ijumaa, ukaguzi ukiwa Jumatatu, nikakuta ukoka unaomwagiliwa kwa maji ya bomba sasa unakatwa alama, wanataka mimea ya asili ya eneo lenyewe, inayojitegemea kwa mvua (na kulikuwa na kurasa nyingine ambazo hata siku hiyo sikuzimaliza, mtaona).

Jumamosi asubuhi nikang'oa ukoka wote, nikazunguka vitalu viwili vya mjini nikakuta mawaridi na mikrismasi, nikaona isiwe taabu, nikapandisha na pikapu hadi vijiji vya chini ya Mlima Meru. Huko nikaona masale, yale majani marefu membamba, yamejipanga mstari mmoja mrefu katikati ya migomba na kahawa, yamestawi na hakuna anayeyamwagilia. Mimi ni mtu wa Tabora. Masale nilikuwa nayajua kama maua ya kwenye bustani za hoteli, basi. Nikapiga hodi nyumba ya karibu, kimya (walikuwa kwenye harusi, nilikuja kuambiwa), nikajipa ruhusa mwenyewe. Niling'oa kama arobaini hivi, kisha nikafukia mashimo kwa mguu na kutandaza majani makavu juu ili pasionekane pabaya, nikajiona mstaarabu kabisa.

Jumatatu bustani ilikuwa inapendeza, sitaki kusema uongo. Mama Aika alifika amevaa kitenge kipya, akayaona masale, akanyamaza. Mimi nikadhani amefurahi mpaka amekosa maneno.

"Haya umeyatoa wapi?" akaniuliza taratibu.

"Huko juu, Mama. Yapo mengi tu."

Alitaka kusema kitu lakini wakaguzi wakawa wameshaingia, wawili, mkubwa wao dada mmoja anaitwa Injinia Rehema, mpole, mwenye kalamu isiyopumzika. Akakagua matenki, akakagua sola, akafika kwenye masale akatabasamu. Akasema hii ndiyo bustani ambayo mwongozo mpya unaitaka, ila kuna ukurasa unaodai uthibitisho wa mahali mimea ilikotoka, je, barua ya kitalu ninayo? (Ndizo zile kurasa.) Nikasema ipo ofisini. Sijui hata ulimi wangu uliitoa wapi.

Hapo hapo geti likagongwa. Wakaingia wazee watatu wamevaa makoti, na nyuma yao mama mmoja mwembamba amejifunga khanga juu ya sweta. Mlango wa pikapu yetu umeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, mtu aliliona Jumamosi, wakaenda Kijenge, na sekretari wetu, kwa ukarimu wake, akawachorea na ramani.

"Shikamooni," nikasema, sauti imeshapungua.

"Marahaba," akajibu mkubwa wao, Mzee Kaaya, mwenyekiti wa kitongoji. "Hatukuja kugombana, kijana. Tumekuja kuhesabu mpaka wetu."

Wakaanza kuhesabu. Wazee watatu wanazunguka bustani polepole, wanagusa shina moja moja kwa fimbo, Injinia Rehema kasimama na kalamu yake hewani, mafundi wameacha kazi wanatazama kutoka ghorofani, na mimi nimesimama katikati natamani ardhi inimeze. Walipofika thelathini na nane Mzee Kaaya akatueleza sote: mstari ule ndio uliotenganisha shamba la Mama Anaeli, huyu mama mwenye khanga, na la shemeji yake. Walivutana tangu mumewe alipofariki, wazee wakakaa vikao mpaka wakachoka, mwishowe wakayapanda masale yale mbele ya watu, na isale likishapandwa mpakani hakuna anayeligusa. Asubuhi ile shemeji mtu alikuwa ameshaingia na jembe, anasema yeye mpaka hauoni.

Mama Aika akachuma jani moja la isale, akalifunga fundo, akanikabidhi.

"Kwetu Machame ukimkosea mtu unampelekea hili, na hata Umeru, kwao hawa wazee, wanalielewa. Mpe kwa mikono miwili. Na uache kujieleza."

Nikampelekea, nimeinama, mbele ya watu wote wale. Mama Anaeli alilitazama jani kwa muda, akalipokea.

"Nimekusamehe, mwanangu. Aliyeletewa isale hawezi kulikataa. Lakini mpaka wangu bado haujarudi."

Injinia Rehema akafunga daftari. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema tu kwamba mimea ya shamba la mtu haipati alama, na barua ya ofisini asingependa tena kuisikia, akamwambia Mama Aika ukaguzi utarudiwa baada ya miezi mitatu. Mama Aika akasema sawa, akapanda pikapu yeye mwenyewe na kitenge chake kipya, tukayarudisha masale Umeru.

Na huko ndiko aibu iliponimaliza, maana nilidhani kupanda ni kuchomeka tu. Shemeji alikuwa anatusubiri amekunja mikono. Wazee wakavuta kamba, Mzee Kaaya akanigeukia: "Wewe ndiye uliyeng'oa. Tuonyeshe mashimo." Nikaonyesha, moja baada ya jingine, mpaka kwenye kona ya mwisho, na hapo sikuliona hata moja. Nilifukia vizuri mno, mvua ya Jumapili ikasawazisha, na jembe la asubuhi likamalizia. Shemeji akasema kona ilikuwa hapa, Mama Anaeli akasema ilikuwa pale, hatua moja mbele, penye mgomba wake mmoja wenye mkungu. Wote wakanitazama mimi. Nikatafuta kichwani, nikatafuta chini, nikasema kweli: sikumbuki.

Mama Anaeli akautazama mgomba wake. Kisha akasema hana nguvu ya kurudi kwenye vikao, pandeni anapotaka shemeji, yaishe. Wakapanda. Mgomba ukabaki upande wa shemeji.

Cheti kilipatikana miezi ile ilipotimia, kwa mimea ya kitalu yenye barua yake halali, na wageni wa Mama Aika sasa wanakuja. Mimi siku hizi mwongozo ukitoka nausoma hadi ukurasa wa mwisho, na simgusii mtu mmea wake hata awe amenipa ruhusa, mpaka nimuulize mara mbili. Wenzangu hucheka wakifika kwenye wale wazee wanaohesabu bustani, nami hucheka nao. Ila mwezi uliopita nilipita kule kumsalimia Mama Anaeli, akanipa ndizi za kwenda nazo, akaniomba radhi kwamba ni chache.