Fundi Anayeondoka Saa Kumi na Moja

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu hapa Mpanda, na wateja nimewadharau tangu siku ya kwanza. Mtu anakuonyesha kwenye simu sebule ya Dubai, wakati sebule yake ina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mke wa mwenye duka mmoja alinifuata hadi kwenye kazi nyingine: "Fundi, ile krimu yako mchana nzuri, taa ikiwaka inakuwa kijani." Nikamwambia akapime macho. Nilicheka wiki nzima.

Kisha mama yangu akakubali kuhama Karema, aje kuishi kwangu. Nyumba yake, aliyoisiriba kwa udongo mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa inaanguka. Alitaka kitu kimoja tu: chumba chake kwangu kiwe na rangi ile ile. Nilichanganya siku mbili, nikaangalia kwa mwanga wa jua mlangoni, nikaupata udongo wenyewe. Nilijisifu, siwafichi.

Mama alifika jioni. Tukiwa tunakula nikamsimulia kioja cha yule mke wa mwenye duka. Hakucheka. Nikampeleka chumbani, nikawasha taa, moja ya zile balbu za mwanga mweupe ambazo mji mzima umezipenda. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu, hii siyo rangi ya kwangu. Hii ni rangi ya ini la juzi."

Kweli ukuta ulikuwa umefifia, una zambarau ya ajabu. Niliuona. Lakini mdomo wangu ulishazoea.

"Mama, macho yako yamechoka na safari."

"Hivi ukipaka nyumba ya mtu, unaondokaga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

"Ahaa."

Asubuhi akapanda gari la kurudi Karema, kwenye nyumba inayoanguka. Nyani haoni kundule. Miaka yote napaka vyumba vya watu vya kulala, sijawahi kuona hata kimoja taa ikiwa imewaka, na bado nilikuwa na ujasiri wa kuwacheka. Jioni hiyo nikaweka balbu ya mwanga wa njano. Kazi ya dakika moja. Udongo wa Karema ukarudi ukutani, kitanda kikiwa kitupu. Nikampigia simu, nikamwomba msamaha, nikamwambia chumba kiko tayari, arudi.

Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na yule mama wa dukani," akauliza, "kwake umeshaenda?"