Nani Anapuliza Filimbi?

Wodi ya wazee wenye maradhi ya akili ilikuwa na muuguzi waliyemwita Mama Taratibu. Mwili mkubwa, sauti ndogo, na kila jambo kwake lilikuwa "taratibu, baba" au "taratibu, mama", hata kama wodi ingewaka moto.

Asubuhi moja, wakati wa chai, mzee aliyewahi kuwa mwamuzi wa mpira, ambaye wote walimwita Refa, aliinuka ghafla akarusha kikombe ukutani. Kisha akazungusha mkongojo wake, ukampata Mama Taratibu kwenye kifundo cha mkono.

"Nani anapuliza filimbi kwenye mechi yangu?" alifoka.

Hakuna aliyepuliza kitu. Muuguzi mwenzake akataka kukimbilia sindano ya usingizi, Mama Taratibu akamzuia kwa jicho. Akarudi nyuma mpaka mkongojo usimfikie, akasimama kiubavu karibu na mlango, viganja wazi, akawaomba wagonjwa watoke. Walitoka, isipokuwa bibi mmoja aliyeng'ang'ania kiti.

"Siondoki. Bado dakika za nyongeza!"

Yule mwenzake akasimama mbele ya bibi kama ukuta. Refa akamnyooshea kidole Mama Taratibu.

"Wewe! Kadi nyekundu! Nje!"

"Sawa, baba."

Akatoka kweli. Kisha akachungulia dirishani. "Refa, naomba kuingia. Mimi mchezaji wa akiba."

Refa akatafakari. "Onyesha soli za viatu."

Mtu mzima na sare yake akainua mguu mmoja, kisha wa pili, huku kashikilia nondo za dirisha. Refa akazikagua kwa makini.

"Ingia. Ukicheza rafu, nakutoa tena."

Alipomkaribia ndipo akasikia: kifaa cha kusaidia kusikia kilichomlegea mzee sikioni kilikuwa kinalia fiii, bila kupumua.

"Baba, filimbi imo sikioni mwako. Niitoe?"

Refa akashusha mkongojo, akainamisha kichwa kama anayenyolewa. Kifaa kilipotoka, uso wote ukalainika.

"Tangu jana," alinong'ona. "Niliwaambia mechi haichezeki." Kisha akauona ule mkono uliovimba. "Nani kakuumiza, mwanangu?"

Mama Taratibu akamsogelea kwenye sikio lile jingine. "Tuligongana tu, baba."

Daktari alikuta sikio limejaa nta iliyokifanya kifaa kilie, akalisafisha. Kwenye chumba cha wauguzi, Mama Taratibu alikaa, kitambaa cha maji baridi mkononi, akaanza kutetemeka na kulia.

"Sasa ndiyo unalia?" mwenzake akashangaa.

"Ndiyo kwanza nimepata nafasi."