Mke Mwenzangu na Malkia wa Kwenye Simu

Jamani, leo mke mwenzangu kanisemesha!

Tangu Idi hatuamkuani. Ugomvi wa leso tu, na nyumba zetu zatazamana hapa Mwabungo.

Basi leo nakuna nazi uani, nampigia shoga yangu domo juu ya ile katuni ya kwenye simu, ya malkia jini aliyemwacha mwanawe nchi kavu. Nikamwambia, "Yule ashamtupa, harudi kabisa!"

Mara nasikia kutoka nyumba ya pili, "Atarudi!"

"Nani kakuuliza?"

Mke mwenzangu akatoka na unga mikononi. "Wewe waangalia picha tu. Maneno umeyasoma?"

Weee! Niliishia darasa la pili mimi, na zile herufi ndogo kama sisimizi.

Nikangoja anicheke.

Hakucheka. Akakaa jamvini kando yangu, akanisomea tangu picha ya kwanza, polepole, mpaka maharagwe yangu yakaungua jikoni.

Akaondoka akisema, "Ijumaa yatoka nyengine. Usiitazame bila mimi, dada."

Dada!

Haya semeni, malkia atarudi kwa mwanawe? Mimi bado naona harudi. Lakini simwambii, nisije nikakosa wa kunisomea.